Siku Alizoondoka Matonya

Alhamisi, 28 Aprili 1910

Leo Bwana Miwani amenipa daftari hili. Jina lake halisi linatushinda kulitamka, kwa hiyo kambi nzima ya reli hapa Kizota tunamwita hivyo, naye anajua. Amenikabidhi pia bunduki, risasi arobaini, na kibali chenye mhuri kinachosema kwamba Elieza wa Mvumi, ndiye mimi, ameruhusiwa kuwinda kwa chakula cha wajenga tuta.

Akasema, "Wewe umesoma misheni. Kila siku andika tandala wameonekana wapi, dume yuko peke yake au na majike, upepo unatoka wapi, umepiga au umekosa. Huu ni msimu wao wa kupandana. Ukiisha nataka kujua wanavyotembea."

Anataka madume tu. Nyama ni ya wafanyakazi, pembe ni zake, atazipeleka kwao Ulaya zikatundikwe ukutani. Sikumwuliza kama naweza kuandika na mambo mengine. Karatasi ni nyingi, nitaandika.

Jumapili, 1 Mei

Tumepiga kambi chini ya vilima, nusu siku kwa miguu kutoka nyumbani Mvumi. Tupo wawili, mimi na Matonya. Wachukuzi wa nyama huja kutoka Kizota na kuondoka siku hiyo hiyo. Matonya ni mfuata nyayo. Amekua akichunga ng'ombe katika vilima hivi, hajui kusoma, na hana bunduki wala kibali. Ni mrefu, ana meno mazuri, anacheka ovyo.

Unga wetu anausaga mke wangu Zipora. Mimi siruhusiwi kuiacha bunduki, kwa hiyo kila tukiishiwa ni Matonya atakayekwenda Mvumi kuuchukua na kumpelekea mke wangu fungu lake la nyama. Mpango huu aliupanga Bwana Miwani. Ningeulizwa mimi, ningepanga vingine. Zipora ni mzuri, na anajua kusoma kuliko mimi, na ana ulimi mwepesi. Miaka minne nimemwoa, na bado akichelewa kisimani najikuta mlangoni.

Jumatano, 4 Mei

Majike saba na ndama wawili kwenye korongo la chini. Dume hakuna. Matonya kasema madume bado wako juu mawe yaliko, kila mmoja kivyake, watashuka majani yakianza kukauka.

Alfajiri kuna nyota yenye mkia. Wachukuzi wanasema ni vita. Matonya kasema ni nyota.

Ijumaa, 6 Mei

Dume la kwanza. Matonya kasema tusimtafute dume, tukae na majike, dume atakuja mwenyewe kwa sababu siku hizi hana akili nyingine. Tukakaa. Kila mara alikuwa akirusha majivu kidogo kutoka kwenye kifuko chake na kutazama upepo unayapeleka wapi, kisha ananivuta mkono tuhamie kwingine. Mara tatu tumehama. Miiba imenitoboa kila mahali.

Jua lilipokuwa kichwani dume akashuka, shingo imevimba, anatembea mchana kweupe. Akawanusa majike mmoja mmoja, akiinua pua juu na kukunja mdomo. Jike mzee akatuona, akabweka. Wote wakakimbia. Matonya akaninong'oneza, "Ngoja. Atasimama ageuke." Kweli, mbele kidogo dume akasimama, akageuka kututazama. Nikapiga.

Wachukuzi walinisifu sana. Nilisikia raha.

Jumatatu, 9 Mei

Matonya kaenda Mvumi. Unga umekwisha.

Jumanne, 10 Mei

Nimekosa. Dume alikuwa na majike watano, wakaondoka kabla sijakaribia.

Jumatano, 11 Mei

Matonya karudi na unga. "Shemeji anakusalimu," akasema. "Paa linavuja upande anaolala mtoto."

Najua linavuja, ni paa la udongo. Tangu Februari nimesema nitaliziba. Lakini yeye kajuaje analala upande gani mtoto wangu Yudith? Nikamwuliza amelala wapi Mvumi. Akasema kwa mama yake mdogo. Alijibu haraka mno, au mimi niliuliza haraka mno.

Alhamisi, 12 Mei

Dume, pembe nzuri, misokoto miwili na nusu. Upepo wa kusini. Nimeona kwamba asubuhi hewa hushuka kutoka mlimani, na jua likipanda nayo hupanda. Mwindaji aanze juu, amalizie chini.

Jumamosi, 14 Mei

Dume mwingine. Bwana Miwani ameniletea sukari na salamu.

Jumanne, 17 Mei

Hakuna kitu. Baridi.

Ijumaa, 20 Mei

Matonya kaenda Mvumi. Alioga kwanza. Kuna mtu gani anayeoga ili akabebe unga?

Jumamosi, 21 Mei

Nimekosa. Safari hii nilikuwa nimejificha vizuri kabisa nyuma ya jabali, na dume alikuwa anakuja. Akasimama. Akanitazama mimi, mimi hasa, kama mtu anayemtazama mdeni wake. Akaondoka.

Jumapili, 22 Mei

Matonya karudi kajipaka mafuta kichwani, na unga umefungwa kwenye kanga. Kanga ile niliinunua mimi kwa Mrisho mwenye duka la chumvi, ikiwa mpya ina harufu ya dukani, na Zipora aliivaa siku Yudith alipobatizwa.

"Mfuko umepasuka," Matonya kasema.

Mifuko nyumbani kwangu iko minne. Nimeikunja kanga nikaiweka chini ya kichwa changu.

Jumanne, 24 Mei

Leo tumewaona madume wawili wakigombana na ninataka kuyaandika yote, kwa maana Bwana atapenda.

Mmoja alikuwa na majike sita, mzee, pembe moja imevunjika ncha. Mwingine akatokea kwenye vichaka, kijana, mnene. Hawakurukiana. Mzee alijigeuza ubavu ili aonekane mkubwa, akasimamisha manyoya ya mgongoni, akatembea polepole sana mbele ya mwenzake, miguu kama inauma. Kijana naye hivyo hivyo. Wakazungukana muda mrefu. Kisha mzee akaingiza pembe kwenye kichaka akakivuruga mpaka matawi yakamning'inia kichwani, akasimama na uchafu wake huo kichwani akijiona mfalme. Matonya alicheka hadi akajiziba mdomo kwa mkono.

Mimi sikucheka. Nilimtazama yule mzee. Tangu asubuhi hakula hata jani. Majike wanakula, ndama wanakula, yeye anazunguka tu, akimwona jike mmoja kasogea anamrudisha, akimrudisha huyu yule kasogea. Mbavu zinahesabika. Nikasema moyoni, ndugu yangu, nakujua.

Kijana akaondoka mwenyewe. Nilimpiga yule mzee alipogeuka kumtazama akienda.

Jumanne, 31 Mei

Leo Mrisho amepita na punda wake, anapeleka chumvi Kizota. Tulikunywa chai. Alipokuwa anafunga mizigo akasema, kama mtu anayesema habari za mvua, "Nimempita kijana wako juzijuzi pale Mvumi. Yuko juu ya paa la nyumba yako, na mkeo yuko chini anampa udongo. Wanacheka! Nikasema, Elieza amepata mtu wa kumfaa."

Nikamwambia ndiyo, nimempata. Nikaliweka bakuli chini.

Matonya hakunitajia habari za paa. Tangu aliporudi na kanga amekaa nami siku tisa, amesema habari za nyayo, za majivu, za ng'ombe wa baba yake, na paa hakulitaja.

Jumatano, 1 Juni

Wasasi wa huku, wawindaji wa jadi, wana mwiko wao. Mume akiwa porini, mwanamume mwingine asivuke kizingiti cha nyumba yake, wala mkewe asimkaribishe ndani. Akivunja, mnyama humwona mume kabla mume hajamwona mnyama. Mimi ni Mkristo. Nilipousikia mara ya kwanza niliwacheka.

Leo nimekaa na daftari hili nikahesabu. Matonya kaenda Mvumi tarehe 9, nimekosa tarehe 10. Kaenda tarehe 20, nimekosa tarehe 21, na dume alinitazama mimi kwanza, niliandika mwenyewe. Siku anazokuwa hapa, mbali na Zipora, ninapiga. Sikubuni. Ni mwandiko wangu na wino wangu.

Roho inaniuma siwezi hata kumeza ugali. Na ugali wenyewe ni wa unga wake.

Jumatatu, 6 Juni

Unga ungetosha siku tatu zaidi. Nimeumwaga nusu kwenye mchanga, nikamwambia Matonya umekwisha, nenda Mvumi. Nataka kuona.

Jumanne, 7 Juni

Nimeona.

Dume kubwa kuliko wote, pembe misokoto mitatu, shingo kama gogo, majike tisa. Nilikuwa hatua hamsini. Nililala kifudifudi, sikutikisa hata kope. Jike hakubweka. Ghafla dume akainua kichwa, akanitazama mahali hasa nilipo, na wote wakapotea. Nilipiga hewa. Moshi wa baruti ukanirudia usoni.

Basi. Naondoka kesho alfajiri. Bunduki naichukua, Bwana aseme atakalo.

Alhamisi, 9 Juni

Naandika kambini. Nimerudi usiku, na nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilifika Mvumi jana mchana. Matonya alikuwa ameshaondoka, tulipishana njia. Zipora alikuwa uani anapepeta, Yudith kalala mgongoni. Aliponiona akafurahi, hilo niliandike. Akasema, "Karibu, baba Yudith! Kuna nini? Umeumia?"

Sikumjibu salamu. Niliingia ndani nikatazama juu. Paa limezibwa, tope limesawazishwa vizuri, hata mimi nisingeweza hivyo. Nikatoka nikamwuliza, "Matonya ameingia humu?"

"Ameingia."

"Ndani?"

"Elieza, paa linazibwa kwa juu na kwa ndani. Juu alikanyaga, ndani alishika mti usivunjike tukafunikwa na udongo mimi na mwanao. Ulitaka ashike akiwa wapi?"

"Mlikuwa mnacheka."

"Tulicheka. Alikanyaga vibaya akazama mguu mmoja, ukaning'inia huku ndani. Na wewe ungecheka."

"Na kanga?"

"Panya wametoboa mifuko. Nenda katazame."

Sikwenda kutazama. Nilitoa daftari, nikamfungulia kwenye kurasa, nikamwambia asome mwenyewe siku alizokuja Matonya na siku nilizokosa, kisha anieleze. Nikamtajia mwiko wa wasasi. Nilimwambia neno ambalo mume hamwambii mkewe na mtoto yuko mgongoni. Silirudii hapa.

Zipora akafuta mikono. Akaketi kwenye kinu kilicholala, akaanza kusoma kutoka mwanzo. Nilidhani atasoma zile kurasa nilizomfungulia. Alisoma zote. Mimi nimesimama na bunduki begani, jua linanichoma, kuku wanapita katikati ya miguu yangu. Mahali pengine alitabasamu. Penye kanga hakutabasamu.

Alipomaliza akasema, "Unaandika vizuri. Hapa mwanzoni umeandika Matonya kasema, Matonya kasema. Halafu tarehe 12 umeandika, nimeona kwamba asubuhi hewa hushuka kutoka mlimani. Uliona wewe?"

Nikasema hilo halihusu.

"Sawa. Umehesabu siku alizokuwa Mvumi, na kweli ulikosa. Sasa nikuulize, siku hizo nani alikurushia majivu?"

Nikahamishia bunduki bega la pili.

"Nakuuliza, mume wangu. Nani alikuvuta mkono akakwambia tuhame?"

Nikamwambia asigeuze maneno. Nikamwambia mimi ndiye mwenye bunduki na kibali, na nilipiga tandala wa kwanza Matonya akiwa bado anachunga ndama. Nilipiga kelele. Majirani walitoka. Zipora alikuwa mtulivu na hilo lilinitia wazimu zaidi.

Akafunga vitu vyake mbele yangu. Kuna wanawake wa Kongwa walikuwa wanarudi kwao, akaungana nao. Kwao Zipora ni Mlali, mwendo wa siku nne. Alipofika njiani akageuka akasema, "Nakwenda kwa baba. Ukitaka nirudi, njoo ulirudie mbele yake neno uliloniambia hapa. Kisha useme kama ni kweli."

Yudith alikuwa ananipungia mkono. Alidhani wanakwenda kisimani.

Ijumaa, 10 Juni

Nimemfukuza Matonya. Nilimweleza sababu. Hakukasirika, alinitazama tu, akainama kuokota kifuko chake cha majivu.

"Haya, kaka," akasema. "Sijamgusa mkeo, Mungu anajua, lakini najua hutasikia. Ila upepo umegeuka siku hizi, unatoka mashariki kutwa nzima. Usipandie upande huo wa mlima."

Hata akifukuzwa anafundisha!

Jumatatu, 13 Juni

Nimekosa.

Alhamisi, 16 Juni

Sikuona mnyama. Nyayo nyingi, sijui za lini.

Jumamosi, 18 Juni

Upepo mkali, vumbi. Nimepandia upande wa mashariki wa mlima, ule aliosema nisipandie. Nilitaka kumwonyesha. Nimekosa.

Alhamisi, 23 Juni

Wachukuzi wamekuja wakarudi mikono mitupu. Mmoja akauliza Matonya yuko wapi. Nimemwambia ni mgonjwa.

Jumatano, 29 Juni

Nimekosa mara mbili. Risasi zimebaki kumi na moja.

Jumapili, 3 Julai

Nimejaribu kusali, nimeshindwa. Nafikiri hivi: Zipora yuko Mlali. Matonya, kwa ninavyosikia, yuko Kizota. Hawaonani. Mwiko hauvunjwi na mtu. Kwa nini basi tandala bado wananiona mimi kwanza?

Nimepata jibu. Kuna mwingine huko Mlali.

Jumanne, 5 Julai

Nimemfikiria yule mwingine siku mbili. Mwanzo alikuwa mchunga ng'ombe. Leo asubuhi amekuwa mwalimu wa dini mwenye kanzu nyeupe. Mchana, nilipokosa tena, akawa jirani wa baba mkwe mwenye mashamba makubwa. Nimempa mke wangu wanaume watatu kichwani mwangu, na bado tandala hawaji.

Kanga yake imebaki huku. Haina harufu tena ila moshi.

Ijumaa, 8 Julai

Bwana Miwani amepita hapa leo akirudi Kizota. Mbele yake watu wawili wamebeba kichwa cha tandala kwenye mti, pembe misokoto mitatu, shingo kama gogo. Ni yule yule wa tarehe 7 Juni. Nilimjua mara moja.

Nyuma yao alikuwa Matonya.

Bwana alikuwa amejaa furaha, miwani imejaa vumbi. Akasema, "Siku moja tu, Elieza! Alinizungusha mlima mzima, nilidhani ananichezea. Kisha dume yuko hapo, hatua thelathini, hajui kitu. Huyu mtu ndiye mwindaji."

Ndiye mwindaji. Mbele ya wachukuzi. Matonya alikuwa anatazama chini. Niliitikia, ndiyo Bwana, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Walipoondoka niliingia kichakani peke yangu.

Niliumia leo kuliko nilivyoumia kwa ajili ya Zipora.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu. Nimetaka kuifuta. Ni kweli. Paa, mafuta ya kichwani, kicheko, yote hayo yaliniuma. Lakini hili la leo limenikata mahali ambapo yale hayakufika. Na kama ni hivyo, basi kidonda hiki kilikuwepo siku zote, hata siku wachukuzi waliponisifu nikasikia raha, na Matonya akiwa pembeni anafuta kisu. Nilijua. Ilikuwa rahisi zaidi kusema mke wangu ni mwovu.

Jumamosi, 9 Julai

Nimesoma daftari lote kama alivyosoma yeye, kutoka mwanzo. Kila siku niliyopiga, Matonya yupo. Kila siku asiyokuwepo, nimekosa. Majivu hayajui mwiko.

Jumatatu, 11 Julai

Mjumbe kutoka Mlali. Baba mkwe anasema nimtajie binti yake kosa mbele ya wazee, na mwanamume niliyemtaja naye afike ajibu. Nisipofika, ataona kwamba sina mke.

Nimekwenda Kizota, nimemwomba Bwana ruhusa na kumrudishia bunduki. Kisha nilimtafuta Matonya kambini. Alikuwa anakula. Nikamwambia tunaitwa Mlali. Akauliza, "Unakwenda kusema nini, kaka?" Nikamwambia sijui. Akanisogezea sahani nile.

Ijumaa, 15 Julai

Njiani, siku ya tatu. Upepo mkavu. Matonya anatembea mbele. Leo amenionyesha madume wanne wakila pamoja, shingo zimepungua, hakuna anayemjali mwenzake. Kasema msimu wao umekwisha, majike hawawataki tena na wao hawawataki majike. Wamekonda vibaya. Mmoja alikuwa anachechemea.

Nimemwuliza kwa nini hakuniambia habari za paa. Akasema, "Ni kazi yako, kaka. Ningekuja kukwambia nimekufanyia, ungeona nakusema mvivu."

Jumapili, 17 Julai

Naandika Mlali, katika nyumba ya wageni ya baba mkwe. Nimepewa maziwa. Mengine sijui kama nitapewa.

Tulikaa uani baada ya ibada. Baba mkwe kwenye kigoda, kaka zake wawili, wanaume wa jirani, Matonya upande mmoja, mimi upande mwingine. Wanawake walikuwa nyuma karibu na mtama uliovunwa, Zipora katikati yao, Yudith kalala. Hakunitazama.

"Mbukwa," baba mkwe akanisalimu kwa salamu ya kwetu. Nikaitikia. Akasema, "Umemtamkia binti yangu neno. Lirudie hapa."

Nikalirudia. Ni neno fupi. Niliona mama mkwe akifunika uso kwa kanga, na nilitamani ardhi ipasuke.

"Ni kweli?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani siku nne. Nilipanga kusema nilidanganywa na mwiko. Nilipanga kusema Mrisho alinichochea. Yangetosha, wangenitoza mbuzi wa kumsafisha mke wangu, na ningerudi naye nikiwa bado msasi. Nikamtazama Matonya. Hakuwa amenikasirikia hata kidogo, na kijicho kikanipanda tena pale pale, kwa sababu hata hilo ananishinda.

"Si kweli, baba," nikasema. "Nilikosa tandala kwa sababu sijui upepo. Sijawahi kuujua. Matonya ndiye anayejua, na siku asipokuwepo mimi ni mtu aliyebeba chuma tu."

Kisha kaka mmoja wa baba mkwe akaanza kucheka, na mwingine, na wanaume wa jirani wote. Mtu ameitwa msasi tangu ujana wake, ana kibali chenye mhuri wa serikali, hajui upepo! Walijipiga mapaja. Baba mkwe hakucheka. Alinisogelea uso wake.

"Ngoja nielewe. Umemwita mwanangu malaya ili usiseme kwamba hujui upepo?"

"Ndiyo, baba."

"Ungesema tu."

"Ilinishinda, baba."

Hakuniuliza lingine. Akasema shauri si lake tena, aulizwe mwenyewe. Zipora akasimama, akajifuta vumbi la mtama kwenye nguo. "Nimesikia," akasema. "Mtama wa mama haujapurwa. Ukiisha nitajua kama narudi."

Jumanne, 19 Julai

Napura mtama. Hakuna aliyeniamuru, niliokota fimbo nikaanza. Mikono imetoka malengelenge. Zipora ananiletea maji na kuondoka.

Matonya naye amebaki, anasema miguu inamuuma, lakini naona ameshapata marafiki hapa kuliko mimi niliyeoa. Leo mchana alikaa kivulini na wanawake akiwasimulia namna alivyozama mguu kwenye paa letu, akauonyesha mguu wenyewe unavyoning'inia. Zipora alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga. Kwa muda mrefu sijamwona anacheka hivyo, na aliyemchekesha si mimi.

Wivu ulinipanda tena. Haukuwa umekwenda popote. Nilishika fimbo nikaupiga mtama kama naua nyoka, mavumbi yakajaa uwanja, punje zikaruka hadi kwa kuku.

Zipora akaja akasimama karibu yangu, bado anafuta macho.

"Taratibu, baba Yudith," akasema. "Unazivunja punje."

Nikapunguza mkono.